Roho Tatu na Umeme wa Elfu Mbili

Kuna mwanamke nimemwacha kifungoni tangu nikiwa darasa la tano, na mke wangu anamjua kwa jina. Anaitwa Peach, ni binti mfalme, na aliyemfungia ni kobe mwenye pembe, mtema moto, aitwaye Bowser. Kila mazungumzo ya nyumbani yanapofika kwenye mambo niliyoyaanza nisiyamalize, yaani rangi ya ukuta wa nyuma, kozi ya Kifaransa na shimo la takataka, mke wangu huifunga orodha kwa kusema, "Na yule binti wa watu."

Wa rika langu hawahitaji maelezo. Kwa wale waliozaliwa wakakuta simu za kugusa, nifafanue. Super Mario Bros. ni gemu iliyotolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani mwezi Septemba 1985. Walioibuni ni Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, na ule muziki usiotoka kichwani ni wa Koji Kondo. Fundi bomba mfupi mwenye masharubu anakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, wala hawezi kurudi alikotoka maana skrini haigeuki nyuma. Anaruka mashimo, anakanyaga kobe, anapasua matofali kwa ngumi, anakula uyoga bila kuuliza kama una sumu. Dunia ziko 8, kila dunia ina steji 4, na steji ya nne ni kasri. Katika makasri saba ya kwanza anamkuta mtumishi mdogo anayemshukuru kwa kufika, kisha anamwarifu kwamba binti mfalme yuko kasri jingine. Aliyewahi kufuatilia hati ya kiwanja anaijua sauti ile.

Nintendo yenyewe sisi hatukuwahi kuitia machoni. Tulichokuwa nacho Ngamiani, Tanga, ni mashine ya kuigiza kutoka China, nyepesi mno, na kaseti zake za njano. Siku hizo hata runinga ilikuwa bado heshima. Tanzania Bara ilianza kuwa na matangazo ya televisheni mwaka 1994, na nyumba yenye seti ilijulikana hadi barabara ya tatu kutoka hapo. Nyumba yenye seti na gemu ilikuwa moja tu. Mlango wake ulifunguliwa tukishatoka chuo cha Kurani alasiri, ukafungwa saa mbili kasoro usiku, taarifa ya habari ilipokaribia na baba mwenye nyumba alipoanza kukohoa koridoni.

Kanuni zilikuwa chache na hazikujadiliwa. Ukifa, unatoa pedi ya kuchezea. Mwenye gemu akifa, hakufa, ni kidole kilichoteleza. Mama mwenye nyumba akikutuma dukani katikati ya zamu yako, unakwenda mbio, na ukirudi unakaa mwisho wa foleni. Na ole wako uivute pedi. Waya wake ulikuwa mfupi, na Mario aliporuka nasi sote tuliruka naye, mikono juu, hivyo mashine ilisogea kidogo kidogo hadi ukingoni mwa meza. Ilipoanguka picha iliganda, ikabidi kuzima na kuwasha, na kuwasha maana yake ni kurudi dunia ya 1.

Kurudi dunia ya 1 ndiyo ilikuwa hukumu ya kila jambo: roho zako zote kwisha, umeme kukatika, mtoto mchanga kutambaa juu ya swichi. Kaseti ile ilisomeka tu, haikuandikika, kwa hiyo hapakuwa na pa kuhifadhi ulipofikia. Gemu nzima ina kilobaiti 40. Picha moja ya harusi unayotumiwa WhatsApp ni nzito kuliko dunia zote 8, makasri yake na watumishi wake. Ilibidi wabunifu wabane kila kitu. Tangu Mario alipozaliwa mwaka 1981 katika gemu ya Donkey Kong, alivalishwa kofia ili wasihangaike kumchora nywele, akapewa masharubu ili pua yake ionekane. Mawingu ya juu na vichaka vya chini ni mchoro ule ule, kilichobadilika ni rangi. Nafasi ya kukumbuka kwamba mtoto fulani wa Ngamiani amefika dunia ya 5 haikubaki.

Kazi ya kukumbuka tukaachiwa sisi, tukaigawana bila kikao.

Mwenye gemu alijua kobe wa 3-1, yaani dunia ya 3, steji ya 1. Karibu na mwisho wa steji hiyo kuna kobe wanaoshuka ngazi. Ukimkanyaga mmoja wao kwa kipimo, gamba lake linagonga ngazi na kurudi miguuni pako, unalikanyaga tena, linarudi tena, na baada ya muda kila ukilikanyaga unaongezewa roho. Alasiri moja mwenzetu huyo aliamua kutajirika. Tulikaa mkekani tukimhesabia. Roho zilipopita 9 pakatokea taji mahali pa tarakimu, na alivyozidi kukanyaga zikaja alama ambazo hata mwalimu wetu wa chuoni asingezisoma. Aliporidhika akaendelea na safari, kifua mbele, akatumbukia kwenye shimo la kwanza. Skrini ikaandika kwamba gemu imekwisha. Roho zote zile! Alilia hadi mama yake akatoka jikoni na mwiko, akitaka kujua tumemfanya nini mwanawe. Nilikuja kusoma sababu nikiwa mtu mzima: mashine ile huhesabu roho hadi 127, ikipita hapo hesabu inageuka kuwa hasi, na mwenye roho hasi akifa mara moja habakiwi na kitu. Siku ile tulijua tu kwamba ni choyo, tena tulifurahi kimoyomoyo.

Dada mmoja wa nyumba ya pili, aliyetuzidi miaka miwili, alijua njia za mkato. Mwishoni mwa 1-2 alipanda juu ya dari, akatembea huko juu zilikoandikwa pointi na muda, akatua kwenye chumba chenye mabomba matatu ya kwenda dunia ya 2, ya 3 na ya 4. Katika 4-2 alijua mahali pa kupiga matofali yasiyoonekana, ukaota mmea wa kupanda hadi yalipo mabomba mengine, mojawapo la kwenda dunia ya 8. Mvulana mwingine, ambaye leo ni ustadhi mwenye wanafunzi wake, alilijua kasri la 7-4, ambalo ukikosea njia ukumbi ule ule hujirudia mpaka muda uishe. Na mtoto wa fundi cherehani alijua yasiyokuwepo. Alidai binamu yake wa Mombasa aliruka juu ya mlingoti wa bendera, akaendelea mbele. Alidai pia kwamba kuna dunia isiyo na namba, iko chini ya maji, haina mwisho, na yeye ameiona kwa macho yake mawili. Tulimnyima zamu juma zima kwa uongo huo.

Mimi nilijua kupuliza kaseti. Picha ilipokataa, kaseti ilipitishwa kwa mikono hadi kwangu. Nilivuta hewa, nikaipuliza kutoka kushoto kwenda kulia, nikairudisha, na gemu ikawaka. Kipaji hicho kilinipa heshima, na mara mojamoja zamu ya bure. Baadaye Nintendo wenyewe walionya watu wasipulize, maana unyevu wa pumzi hula zile shaba za kaseti. Kilichosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya tu. Huo ndio uliokuwa mchango wangu katika elimu ya mtaa ule.

Basi gemu haikumalizwa. Aliyejua njia ya kufika dunia ya 8 hakuweza kuvuka mashimo yake, aliyeweza kuvuka alikuwa zamu ya tatu, na zamu ya tatu ilipofika baba mwenye nyumba alikuwa ameshakohoa. Kisha ile familia ikahamia Dodoma na runinga yake, kobe wake na binti yetu.

Likizo ya Juni iliyopita mwanangu, ambaye anamaliza gemu za simu haraka kuliko anavyomaliza sahani ya ugali, aliniuliza, "Baba, wewe ulimaliza gemu gani?" Mama yake alikuwa anapita na ndoo. Hakusema kitu. Alisimama tu akasubiri jibu.

Kesho yake nilikuwa Kariakoo. Kijana wa dukani alinitolea boksi lililojaa vumbi, akaniambia, "Mzee wangu, hizi wanazitafuta watu wazima tu." Ndani mlikuwa na mashine, pedi mbili, waya za kuchomeka nyuma ya runinga, na kaseti ya njano yenye maandishi yanayoahidi gemu 9999999. Nilizipitia nyumbani. Zilikuwa chache, zikijirudia kwa majina mapya: Mario wa kawaida, Mario anayeanzia katikati ya safari, Mario anayeruka mpaka mawinguni bila sababu ya msingi. Mwanangu akapendekeza tuchukue yule wa katikati ili tumalize mapema. Nikamwambia deni halilipwi kwa noti bandia.

Runinga flati ya sebuleni ilitupokea kwa dharau. Runinga hizi mpya, zikipokea picha ya mashine ya zamani, huichukua kwanza, huipanua, huisafisha, ndipo zikuonyeshe. Ucheleweshaji wenyewe ni sehemu ndogo ya sekunde, na kwa mpira au tamthilia huwezi kuuona. Kwa Mario ni msiba. Nilibonyeza, Mario akatafakari, kisha akaruka akiwa tayari yuko ndani ya shimo. Mwanangu alinitazama kwa huruma ambayo sikuwa nimeizoea kutoka kwake. Nikamweleza kwamba ni kosa la runinga. Akasema, "Sawa, baba."

TV ya chogo tulikuwa nayo. Kila nyumba iliyohamia flati inayo: ndiyo meza ya ile flati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake pana maua ya plastiki. Kuitoa chini ya mwenzake kulihitaji watu wawili, viti viwili, na ruhusa ambayo niliiomba baada ya kazi kwisha. Uzito wote wa chogo uko mbele kwenye kioo, kwa hiyo mwenye kubeba nyuma hudhani ni nyepesi, na mwenye kubeba mbele hukumbuka jina la kila mfupa wa mgongo wake. Niliibeba mbele. Tuliiwasha, ikanguruma, ikatoa harufu ya vumbi linaloungua, ikaonyesha kijani peke yake, nikaipiga kofi la ubavuni, rangi zote zikarudi. Mario akaruka pale pale nilipobonyeza. Mgongo wangu hadi leo hauruki.

Ikabaki hitilafu moja. Kitufe cha Start, ambacho ndicho cha kuanzia gemu na ndicho cha kuisimamisha katikati, kilikuwa kimedidimia. Kilikubali tu ukikisukuma kwa ncha ya kalamu, pedi umeiweka mezani. Kuanza uliweza. Kusimama ghafla, hapana. Kwa Mzungu anayeishi peke yake hilo si tatizo. Kwa mtu mwenye sebule ya Kiswahili, ni janga.

Muda wa steji unaonyeshwa pale juu, 400 au 300, na wengi hudhani ni sekunde. Sizo. Sekunde ya Mario haifiki hata nusu ya yetu, na hizo 400 huyeyuka kabla dakika 3 hazijatimia. Ukibakiwa na 100, muziki wa Kondo hupandisha mwendo kukuhimiza. Nilikuwa kwenye 6-2, juu ya bomba lisilo na adui, nimebakiwa na muda wa kutosha, nikasikia hodi. Mama mkwe, kutoka Muheza, na kapu la machungwa.

Mkwe haamkiwi umekaa. Nikaweka pedi chini, nikasimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hamjambo?"

"Hatujambo, mama. Karibu, pole na safari."

"Nimeshapoa. Watoto wazima?"

"Wazima, mama. Huko mmewaachaje?"

"Wote wazima, wanawasalimu. Yule shangazi yako mguu bado unamsumbua."

"Pole zake, mama. Na baba?"

Hapo ndipo muziki ulipopandisha mwendo. Mama mkwe akageukia runinga. "Huo muziki unakimbilia wapi?"

"Hapana, mama, wa watoto tu. Baba hajambo?"

Baba alikuwa hajambo, isipokuwa presha. Tuliizungumza presha ya baba, dawa yake, na jirani aliyemshauri anywe kitunguu saumu. Nyuma yangu muda ulifika sifuri, na ule wimbo mfupi wa kifo ukasikika sebule nzima. Mwanangu, aliyekuwa ameketi sakafuni akishuhudia yote, akapaza sauti kuelekea jikoni: "Mama! Baba kafa tena!"

"Astaghfirullah!" akasema mama mkwe, na machungwa yakamwagika.

Alikaa nasi wiki hiyo yote, na kila nilipoketi mbele ya chogo alikuja kuketi nyuma yangu na tasbihi yake. Sikujua kama ananiombea mimi au Mario. Siku ya tatu aliniuliza kwa upole kwa nini yule mwanamke hatoroki mwenyewe.

Nilipokwama 7-4, nilikwenda kuomba msaada mahali pekee nilipopajua. Kundi letu la WhatsApp la watoto wa barabara ile lipo kwa ajili ya harusi, misiba na picha za maua za Ijumaa asubuhi. Nikaandika: "Nani anakumbuka njia ya kasri la 7-4?" Kimya. Nikaona watu wanasoma. Nikajua mtu mzima mmoja ameharibikiwa na wenzake wanamhurumia faraghani.

Usiku, baada ya Isha, ikaingia sauti ya ustadhi. Ilianza na salamu kamili, ikaendelea na dua ya afya njema kwa wanakundi wote, kisha, bila kubadilisha sauti, ikaeleza njia yote ya 7-4, wapi upite juu, wapi ushuke, wapi usidanganyike na daraja la kati. Ikamalizia, "Na hili lisiwafikie wanafunzi wangu." Kumbe alikuwa ameihifadhi miaka yote hiyo, pamoja na mengine aliyoyahifadhi yenye thawabu zaidi.

Baada ya hapo mlango ukawa wazi. Yule dada wa njia za mkato, ambaye sasa ni afisa wa benki, alituma picha saa nne asubuhi, saa za kazi: mabomba yote ya 8-4 yamechorwa kwa kalamu nyuma ya fomu ya kuweka fedha, la kuingia limewekewa alama ya vema, la kukurudisha nyuma limekatwa mkasi. Mwenye gemu, akiwa Dodoma, alisema atasaidia tutakapomweleza nani aliondoka na pedi yake ya pili walipokuwa wanahama. Hakujibiwa. Akasaidia hivyo hivyo.

Mwanangu ndiye aliyeivunja karamu. Alikuwa akichezea simu pembeni, akasema, "Baba, mbona ukifa unaweza kuanzia dunia ile ile uliyofia? Unashikilia A, unabonyeza Start." Nikamwambia hakuna kitu hicho. Akachukua kalamu, akabonyeza. Dunia ya 7 ikafunguka mbele yetu, roho tatu, bila wasiwasi. Ilikuwemo tangu 1985. Hakuna mahali kwenye skrini palipoiandika, na kati yetu sote hakuna aliyewahi kukosea vidole akaivumbua.

Nikalipeleka kundini. Kwa muda mrefu hakuna aliyeandika. Kisha mwenye gemu: "Kwa hiyo kila siku tulikuwa tunarudi dunia ya 1 kwa hiari yetu?" Afisa wa benki akaweka uso unaolia. Ustadhi akaandika kwamba subira ina malipo yake. Mimi nilikuwa nawaza kitu kingine. Tungeijua siri ile, mmoja wetu angemaliza gemu ndani ya mwezi, peke yake, na leo nisingekuwa na wa kumpigia simu. Kila mmoja alibaki na kipande chake kwa sababu hakuna aliyepewa nafasi ya kuokota vyote. Sikuliandika hilo kundini. Wangenihurumia zaidi.

Jioni hiyo mwanangu alinionyesha na mengine. Kuruka juu ya mlingoti wa bendera kunawezekana katika baadhi ya steji. Ukivuka hukuti chochote, unakimbia kwenye uwanda mtupu mpaka muda uishe ufe. Na ile dunia isiyo na namba ipo kweli. Mwishoni mwa 1-2, ukijipenyeza ukutani kwa namna fulani kabla maandishi ya chumba cha mabomba hayajatokea, bomba linakupeleka kwenye steji ya majini ambayo mahali pa namba pana kistari na 1 tu, na mwisho wake unakurudisha mwanzo wake, milele. Mtoto wa fundi cherehani hakuwa mwongo. Kundi likamwomba radhi rasmi, kila mtu kwa jina lake. Siku hizi ni fundi simu Muscat. Akajibu kwa neno moja: "Niliwaambia."

Usiku wa kumaliza nilichagua mwenyewe. Mama mkwe alikuwa amerudi Muheza, wote wamelala, pedi imepata joto. Nilipofika dunia ya 8 niliona taa nyekundu ya mita inamulika. Luku, umeme wa kulipia kabla, ilikuwa inakwisha, na asubuhi yake nilikuwa nimenunua ya elfu mbili tu, kwa sababu mwisho wa mwezi ni mwisho wa mwezi. Sasa, ile siri ya A na Start inakuokoa ukifa. Umeme ukikatika haikuokoi, unarudi dunia ya 1, hata uwe na cheo gani. Nikazunguka nyumba kwa kunyata nikichomoa kila kilichochomekwa: chaja, feni ya koridoni, redio ya jikoni, friji. Nikarudi kuketi.

Katika 8-1 mashimo ni mapana na muda ni 300 tu. 8-2 kuna mtu anayeelea juu ya wingu akikutupia miiba. 8-3 kuna ndugu wawili wawili wanaorusha nyundo bila kuchoka, na mbele yao nilizipoteza roho zote, nikatumia kalamu, nikazipoteza tena, nikatumia tena kalamu. Taa ya mita haikuacha kumulika. 8-4 niliingia na simu mapajani, fomu ya benki kwenye skrini. Bomba moja liko juu mno kufikiwa. Fomu ilisema ruka hapa, hewani, hapana kitu. Nikaruka hewani, kikatokea kiboksi, nikakipanda, nikaingia. Kipande cha majini, bomba jingine, mrusha nyundo mmoja wa mwisho mlangoni, na huyu hapa Bowser mwenyewe, juu ya daraja lake, anatema moto na kumwaga nyundo kwa pamoja.

Nimejiuliza tangu utotoni kwa nini Bowser huliweka shoka la kukatia daraja lake nyuma ya mgongo wake mwenyewe. Alipanda juu, nikapita chini, nikaligusa. Daraja likakunjika, akazama kwenye moto. Nilirusha mikono yote miwili juu kwa kishindo kisicho na sauti, kwa sababu ya waliolala, na waya ukaivuta mashine hadi ukingoni mwa meza. Niliidaka kwa goti.

Binti mfalme alikuwa amesimama hapo. Alinishukuru. Akasema kazi yangu imekwisha. Kisha, bila hata kunikaribisha kiti, akanitangazia kazi mpya: nianze tena, safari hii badala ya wale viuyoga wenye miguu ambao hata mtoto huwakanyaga, kuna kobe weusi wenye magamba yasiyosikia moto. Hiyo ndiyo zawadi. Huyo ndiye niliyekuwa nadaiwa.

Nilichukua simu nikapiga picha ya ushahidi. Kamera ya simu na chogo haziendi mwendo mmoja, na matokeo yake ni michirizi mipana myeusi inayokata picha. Mmoja ulipita juu ya binti mfalme kuanzia taji hadi viatu. Nilipotaka kupiga ya pili, luku ikaisha.

Asubuhi mke wangu alikuta friji imechomolewa, samaki wa siku tatu wameyeyuka, na mume anayeeleza kwamba yule binti yuko huru. Akasema angalau samaki wangepata wa kuwaokoa pia. Kundini nako hali ilikuwa hiyo hiyo. "Binti mwenyewe yuko wapi kwenye picha?" aliuliza mwenye gemu. Afisa wa benki akasema kwa kazi yake hapokei hati yenye doa. Ustadhi alinikumbusha, kwa upendo, adhabu ya kusema uongo. Mwanangu alikuwa amelala. Hakukuwa na shahidi.

Mtu mmoja tu alinipigia simu, kutoka Muscat. "Mimi nakuamini," alisema. "Lakini hujamaliza. Kuna dunia ya 9."

Nikacheka. Akaendelea kwa utulivu. Unacheza Mario, unaichomoa kaseti mashine ikiwa inawaka, unachomeka kaseti ya Tennis, mchezaji anatembea hatua kadhaa, unachomoa, unarudisha Mario, unashikilia A na kubonyeza Start. Hatua za yule wa Tennis hubaki kwenye mashine, na Mario huzisoma kuwa namba ya dunia. Nikamwambia asante, salamu kwa wote huko. Kisha nikamwita mwanangu atafute. Ipo. Watoto wa Japani waliijua tangu miaka ile ile ya themanini.

Nimempigia kijana wa Kariakoo. Anasema Tennis anayo, lakini haiuzwi peke yake: imo ndani ya ile kaseti ya gemu 9999999, kuanzia namba 4 hadi namba 611. Nimemwambia aniwekee ya pili.